Dawa ni Sumu

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua nepi, nimemenya mihogo. Milembe wangu, miezi tisa, ana joto tangu jana. Zahanati wamesema malaria, wamempa vidonge vya mseto. Anatema, namrudishia kwa kijiko. Baba Milembe kachoma tena dhahabu jikoni. Kikaango changu cha mayai. Moshi mweupe, na mtoto mgongoni. Nikasema. Eti moshi wa dawa haujaua mtu. Zebaki, ile inayoshika dhahabu, hapa machimboni Katoro nzima wanaiita dawa. Inamtibu nani?

Jumanne, 4 Machi
Mkutano. Bwana wa mazingira kutoka wilayani. Kiti kakipangusa kwa leso mara mbili. Tabianchi, tabianchi, mpaka tukasinzia. Kana kwamba hatuijui. Ndiyo iliyotukaushia pamba Kishapu, ikatuleta huku. Mwisho akajifanya anajua lugha yetu. "Akina mama, dawa ni sumu! Ukiikuta ndani, itoe! Isimkaribie mtoto!" Zebaki hakuitaja hata mara moja. Akanywa maji yake ya chupa, akapanda gari. Kisima chetu hata hakukitupia jicho.

Jumatano, 5 Machi
Nimetoka sokoni, vidonge havipo. Mama mkwe kavitupa chooni. Kiswahili anakisikia nusu, ila hapo alisikia vizuri.
"Serikali imesema, Mama Milembe. Dawa ni sumu. Wewe uliyesoma hukusikia?"
Kichupa cha zebaki kipo dirishani, hakukigusa. Hicho cha kazi, kasema. Simchukii. Alikuwa anamwokoa mjukuu. Namchukia yule wa leso.
Zahanati mseto umeisha, nirudi Ijumaa. Nesi kafoka: "Wewe wa nne leo! Nani kawaroga nyie?"
Mtoto anachemka.

Alhamisi, 6 Machi
Degedege asubuhi. Macho yakageuka meupe. Nilipiga yowe, sijui nilisema nini. Bodaboda mpaka kituo cha afya. Sindano. Dripu kwenye kimkono kile. Baba Milembe analia ukutani. Sikumbembeleza. Nimemwambia akichoma tena ndani, narudi kwetu na mtoto. Kaitikia kwa kichwa.
Yule bwana akirudi nitamkaangia yai kwenye kikaango kile kile. Ale na leso yake.

Jumamosi, 8 Machi
Homa imeshuka. Nimemwacha kwa bibi yake kituoni, nikaenda kwa mtendaji. Tangazeni upya, nikamwambia. Semeni zebaki, wazi. Eti tangazo linahitaji barua ya wilaya. Kutuchanganya hakukuhitaji barua.
Mijitu.
Nikapitia kisimani. Nikawaambia wanawake: dawa ya zahanati mpeni mtoto, zebaki ndiyo sumu.
Mama Shija akacheka. "Darasa la saba katuletea semina! Na posho iko wapi?"
"Posho ni mwanao kuwa hai."
Akatua ndoo. Halafu akalitamka mwenyewe, polepole: zebaki. Akamgeukia jirani, akamweleza kwa Kisukuma, vizuri kuliko mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Tuko nyumbani. Kanyonya maziwa yote mawili. Bado dozi ya kumalizia, vidonge vya kituoni. Mama mkwe kaniuliza mara tatu: hii ndiyo ile ya mtoto? Ndiyo, mama. Kashika kijiko mwenyewe. Milembe kameza yote. Kisha katutazama mmoja mmoja, mdomo kaukunja, kama anatuona wapumbavu.
Sawa, mwanangu. Tazama hivyo hivyo.