Kasuku wa Mama

Jintana, uko wapi? Ndiyo tumetoka kutalii hekalu hapa Chiang Mai, na bado siamini.

Wifi Orathai kampigia magoti mtawa mzee, akidhani ni sanamu ya nta kama zile nyingine za watawa zilizopangwa humo ndani. Akaungama: "Baba, kasuku wa mama mkwe hakutoroka. Mimi ndiye niliyemfungulia. Kila asubuhi aliniita mvivu!"

Sanamu ikafumbua macho. IKAFUMBUA MACHO, shoga!

"Kumwachia ndege huru ni thawabu, binti. Uongo ndio mzigo. Huyo nyuma yako ndiye mama mkwe?"

Ndiye! Mama kasikia yote. Orathai hata kugeuka hawezi.

Nikajua leo ni vita. Wapi! Mama kapiga magoti kando yake:

"Baba, mimi ndiye niliyemfundisha huyo kasuku."