Nyumba Uliyoiruka

Mama,

Leo ni Jumamosi, saa tisa mchana, na kesho ni Meza ya Bwana. Nimekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki hapa Xiaobei, viatu nimevua, miguu imevimba. Nimemaliza nyumba za wilaya yako ya kanisa zote kumi na nane. Imebaki moja, na ndiyo maana nakuandikia.

Nikupe habari kwanza, maana nakujua, hutasikia neno langu jingine lolote kabla ya habari.

Oktoba imefika. Joto limepungua kidogo, Wachina wenyeji wameanza kuvaa makoti na sisi bado tunatoka jasho. Mabalungi yamejaa kwenye mikokoteni kando ya barabara. Wafanyabiashara wa maonyesho wameshuka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa makundi, wamechoka, hawajui pa kula, na kanisa likawaandalia chai kama kila mwaka. Mandazi nilikaanga mimi. Yalikuwa magumu ya kuvunja meno. Mzee Gitau, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa wazee, alikula matatu akasema, "Haya ni kama ya marehemu kabisa." Nilishukuru kwamba hukuwapo, ungemkosea adabu mtumishi wa Mungu mbele ya wageni.

Sherehe ya mavuno ilikuwa Jumapili iliyopita. Tumevuna tena bila shamba. Watu walileta maboga ya sokoni, viazi vitamu, na yale mahindi yao ya kunata ambayo ulisema hayafai hata kwa githeri. Neema, yule dada wa Mbeya, alileta sukuma wiki aliyoipanda kwenye ndoo za rangi dirishani kwake, na watu walimpigia makofi utadhani ameleta ng'ombe. Tumekusanya makoti pia, ya wale watakaokwama hapa wakati wa baridi. Ukumbi ni ule ule wa ghorofa ya tatu, kwa saa mbili zile zile. Mlangoni bado tunaonyesha pasipoti. Yule msichana wa mapokezi bado anasimama nje akisikiliza nyimbo, kwa kuwa ni mwenyeji haruhusiwi kuingia na sisi haturuhusiwi kumwita. Mwaka huu aliacha balungi moja mlangoni bila kusema neno. Nililiweka katikati ya maboga.

Basi. Habari zimeisha.

Sasa tuzungumze kuhusu ziara zako. Kwa miaka kumi na moja ulikuwa mzee wa kanisa, na kila wiki ya kabla ya Meza ulifunga ofisi yako ya Tianxiu, mizigo ya watu ikalala, ukazunguka nyumba kwa nyumba. Ukiingia hukuhubiri. Ulikunywa chai ya watu, ukauliza swali moja: "Kuna mtu una kinyongo naye?" Akisema hakuna, unaomba na kuondoka. Akisema yupo, unamwambia, "Basi kamwambie usoni kabla ya Jumapili. Ukishindwa, mkate uupishe." Nakumbuka mara ya kwanza niliyofuatana nawe, kwa wale jamaa wawili wa Nakuru waliokuwa wanalala chumba kimoja na hawajasemeshana miezi minne. Ulikaa katikati yao tangu saa sita hadi jioni ukitafuna njugu, hutaki kuondoka, hutaki kuongea, mpaka mmoja akashindwa akacheka.

Mimi kazi hii sikuiomba, Mama.

Nilikuja kwa wiki sita, baada ya upasuaji wako. Nyambura wangu nilimwacha kwa mdogo wangu Wambui kule Ruiru. Alikuwa na miaka saba. Nilimwambia wewe, shosho wake, ukipata nafuu tu narudi, kabla shule hazijafungwa. Huu sasa ni mwezi wa kumi na nne. Februari uliniambia niombe kibali cha kukaa mwaka mzima, "ni karatasi tu." Fomu ulijaza mwenyewe kitandani, na pasipoti yangu ukampa wakala aipeleke. Sikubisha. Nilikuwa nakuogesha kila asubuhi, na mtu unayemwogesha huwezi kubishana naye.

Wiki ile ile wazee walikuja kukuombea. Nilikuwa jikoni napanga vikombe kwenye sinia, nikasikia sauti yako, ile ndogo iliyokuwa imebaki: "Wilaya yangu isiwape wasiwasi. Wanjiku atabaki." Wakasema Amina. Walisema Amina kabla sijafika na chai.

Ukafariki wiki mbili baadaye, na pasipoti yangu iko kwenye ofisi ya viza. Nilikwenda pale nikilia. Mama wa dirishani alinihurumia kwelikweli, akanipa karatasi za kupangusia uso, akanionyesha tarehe kwenye kalenda, akasema, "Mei banfa." Hakuna namna. Mzee Gitau ndiye aliyepanda ndege na jeneza lako. Mimi nilikusindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikarudi kwa metro nimeshika mkoba wako.

Mazishi niliyaona kwenye simu. Wambui ndiye aliyeishika. Niliona mahema, nikaona kofia za wajomba, nikaona viatu vyeupe vya Nyambura vina matope. Kamba zilipoanza kushuka, intaneti ikakatika. Nilitazama kile kiduara kikizunguka, kikizunguka. Picha iliporudi udongo ulikuwa umeshapanda na watu wanaimba. Hivyo ndivyo nilivyomzika mama yangu.

Pasipoti nikarudishiwa ikiwa na kibali kizuri cha mwaka mzima. Utasema, mbona hukuondoka basi? Hata mimi nimejiuliza. Kwanza kulikuwa na kontena lako lililokuwa linasubiri bandari ya Huangpu, na karatasi zote zilikuwa na jina langu. Halafu ikafika Pasaka, nyumba zinatembelewa. Halafu mama mmoja akajifungua na hana mtu wa kumpikia uji. Kila nikivuta pumzi niseme ninaondoka, mtu ananiletea mtoto nimwombee. Akina mama walinifunga kitambaa chako cha kanisa kichwani kwa mikono yao, wakarudi nyuma kunitazama, wakasema, "Aki ni Mama Wanjiku mwenyewe." Mimi ndiye Wanjiku! Nikiwaambia nina mtoto nyumbani, wanatikisa kichwa kwa huruma, kisha wananikumbusha: "Lakini marehemu alisema utabaki." Hakuna aliyenifungia mlango. Wananipenda tu, kila upande ninaogeukia wamesimama wananipenda, na mimi sipati pa kupita.

Na Nyambura ameacha kuniuliza nakuja lini. Zamani aliuliza kila siku. Sasa ananisomea alama zake za hesabu, ananiambia "haya Mum, kwaheri," anampa Wambui simu. Anakua vizuri. Ningependelea angenililia.

Kwa hali hiyo ndivyo nilivyozunguka wiki hii nikiwauliza watu kama wana kinyongo. Nyumba kumi na saba niliuliza nikiwa nimekaza meno. Ya kumi na nane ilikuwa ya Achieng, jana.

Unamkumbuka akiwa na saluni, anacheka mpaka wateja wa ng'ambo ya barabara wanamsikia. Kibali chake kiliisha mwezi wa tano na hakikuwezekana kuongezwa. Tangu hapo amejifungia kwenye kile chumba chake cha Sanyuanli, ghorofa ya sita, pazia limefungwa, akisikia hatua kwenye ngazi anazima feni. Anajua atajipeleka mwenyewe polisi siku moja, ila kila wiki anasema wiki ijayo. Chakula tunampelekea kwa zamu. Nilimpelekea boga la mavuno na koti. Nilimkuta anasuka kichwa cha plastiki, kile cha saluni, ili vidole visisahau. Anasuka, anafumua, anasuka tena.

Nikamuuliza swali lako. Akasema hana kinyongo na mtu. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Na wewe je?"

Nikamwambia mimi ndiye muulizaji, siulizwi. Akacheka, akalikatisha jina langu kama kawaida yake. "Wacha hizo, Shiko. Mimi nimefungiwa na karatasi. Wewe uko na karatasi zote. Sasa wewe, ni nani amekufungia?"

Akaweka kitana chini. "Hata mathee wako nilimuuliza hivyo hivyo," akasema.

Ilikuwa ziara yako ya mwisho, Januari. Wewe ulipanda ngazi zile ukipumzika kila ghorofa, mimi nilikungoja chini. Nilidhani unakawia kwa sababu ya pumzi. Achieng alinieleza ulichomjibu, na aliniambia polepole kama mtu anayerudisha kitu alichowekewa: "Sina kinyongo na mtu. Ila kuna mtu anayestahili kuwa nacho nami. Naogopa kufa bila mtu wangu karibu, kwa hiyo nimeamua kumshika Wanjiku. Simuulizi, kwa sababu najua atasema nini."

Sikupanda metro, Mama. Nilitembea kutoka Sanyuanli mpaka Xiaobei, nikigongana na watu wanaovuta mabegi yao, nazungumza peke yangu kwa Kikuyu kama mwenda wazimu. Ulijua! Ulitembelea watu wote hawa, ukawapatanisha watu wa Nakuru, ukakaa na kila mwenye donge rohoni, halafu unarudi nyumbani jioni, unavua viatu, nakuletea chai, na hukuniuliza hata mara moja. Nyumba zilikuwa kumi na tisa. Uliiruka ya kwetu.

Haya, leo nimeitembelea. Nimejitengenezea chai, nimekaa, nimejiuliza: kuna mtu una kinyongo naye?

Ndiyo. Na mama yangu.

Ulisema mtu aambiwe usoni, na uso wako sina, nina karatasi hii. Uliipeleka pasipoti yangu kwa sababu ulitaka nisiwe na njia. Uliwapa wazee maisha yangu nikiwa jikoni nabeba vikombe. Kwa ajili ya woga wako nilikuzika kwenye simu. Mtoto wangu, mwenye jina lako, amejifunza kuishi bila mimi, na amejifunza vizuri mno. Nimekukasirikia kila siku tangu Machi, huku nimevaa kitambaa chako na watu wananiita baraka.

Na kinachoniuma zaidi nakuambia sasa. Ungeniuliza, ningebaki. Ningekulilia, ningegombana nawe, lakini ningebaki mpaka siku yako ya mwisho, kisha ningepanda ndege ile pamoja nawe. Ulikuwa hujui nitasema nini. Ulidhani unajua. Mama, ulinizaa, ukanilea, na hukuniamini kwa jambo hilo moja.

Nimeweka kalamu chini kidogo hapa, ili usipate la kusema kwamba sikukupa nafasi.

Nimekumbuka asubuhi moja hospitalini. Daktari alikuwa ametoka, ukanishika mkono mpaka kucha zikaingia kwenye ngozi. Niliita nesi akuongezee dawa, nikidhani ni maumivu. Haikuwa maumivu, sivyo? Laiti ungesema tu, "Wanjiku, naogopa." Ningepanda kitandani nilale kando yako. Sijui kama huku ndiko kusamehe. Ila nikikumbuka mkono ule hasira inakosa pa kukaa, na kesho nitaketi mezani na wenzangu na mkate ukifika nitaupokea.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Gitau kumwambia kwamba usiku nimekata tiketi, naondoka Alhamisi. Akaanza, "Lakini marehemu alisema..." Nikamwambia, "Marehemu hakuniuliza." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na Achieng atatembelewa na nani?" Neema amesema atambebea chakula. Lakini chakula ni chakula. Mimi nitapita uwanja wa ndege na karatasi zangu safi, na yeye atakuwa nyuma ya pazia anasuka kichwa cha plastiki. Jana nilipomuaga na kumwambia basi nitaondoka, alinisukuma mlangoni: "Enda bana. Ukifika, toka nje usimame tu kwa jua. Usifanye kitu. Simama." Nimemwahidi. Tena mwili wangu wenyewe haujaamini. Tangu asubuhi nimeshika pasipoti kifuani mara sijui ngapi, nadhani mtu ataingia na sinia la chai aniambie nimebaki.

Kwa heri, Mama. Nitakuja kaburini na Nyambura nikulilie pale pale, kwa sauti, bila kukatika. Nakupenda, na nilikukasirikia, na sasa vyote viwili umeviona.

Ahadi yangu kwako ni hii moja. Siku ikifika nami nikawa pale ulipokuwa, mgonjwa, nchi yoyote ile, sitamtoa Nyambura kwa wazee wala kwa kanisa wala kwa woga wangu. Nitamuuliza. Na akisema hapana, nitambusu, nitamwacha aende, na nitaogopa peke yangu.

Mwanao,
Wanjiku