Sarafu Yenye Simba

Garissa, Jumatano usiku, Machi 1996

Na benki nayo! Karani alizitazama sarafu zangu za Saudia kama maganda ya njugu. "Noti tunabadilisha. Hizi wape watoto wachezee."

Mama hakutaka hata kusikia habari za benki. Pesa iliyotoka umra ni baraka, haiuzwi! Kufika magharibi alikuwa ameshawagawia majirani moja moja, na mimi napokea dua kama tajiri.

Nilichosahau ni kwamba wakati wa kurudi tulishinda Addis Ababa tukingoja ndege. Nilinunua chai pale, nikapewa chenji, nikaitia mfuko mmoja na zile za Saudia.

Basi chenji hiyo ikamwangukia Eedo Halima, shangazi yangu mwenye mbuzi. Baada ya isha akaja mbio.

"Mohamed! Ile ya kwangu iko na simba. Kumbe Makka iko na simba?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Mama akanikanyaga mguu.

"Mashallah!" Eedo akaendelea. "Nimeitoboa, nimefunga mbuzi yangu kubwa shingoni. Fisi aje sasa! Leo nalala ndani, wallahi, mgongo umechoka."

Tangu fisi ambebe mwanambuzi wake juzi, Eedo amekuwa akilala nje akilinda zizi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba... basi, nikamtakia usiku mwema. Kesho nitamwambia. Labda.

Ndiyo maana naandika haya nikiwa nje ya zizi lake, tochi kwapani, mbu wananila. Simba wa Addis amelala shingoni mwa mbuzi. Eedo anakoroma ndani. Anayemngoja fisi ni mimi.