Kifo cha Injinia wa Udongo Nyuma ya Ukuta wa Gati

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa (kazini huitwa Mama Kreni)
Umri: miaka 43
Kazi: dereva wa kreni, ujenzi wa gati
Makazi: vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya karakana

Nasema haya kwa hiari yangu. Msimamizi wa ujenzi ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, niliamriwa kuingiza kreni kwenye eneo jipya nyuma ya ukuta wa gati. Pale palikuwa bahari. Pamejazwa tope lililochotwa chini ya maji. Juu limekauka, ndani bado ni uji. Injinia wa udongo, kijana mpole aliyeoa juzi juzi, alinizuia. Alisema amepima, ardhi haijashikamana, kreni itazama.

Msimamizi alimnyang'anya kisanduku chake cha sampuli, akakirusha katikati ya tope.

"Mbona hakijazama? Kakilete."

"Bosi, hapo hapapitiki."

"Kakilete, au nenda kwenu usirudi."

Akaenda. Hakufika mbali, gamba la juu la tope likapasuka, akazama hadi magotini. Vibarua walicheka. Msimamizi akamwambia aseme kwa sauti kwamba ardhi ni ngumu, ndipo atolewe. Alisema.

"Hatujasikia!" msimamizi akafoka.

Akasema tena, analia. Kila alipojitikisa alizidi kwenda chini. Tope lilipomfika kiunoni, kicheko kilikatika.

Bahari ilikuwa inajaa, na maji yalipenya kwenye sehemu ya ukuta ambayo haijazibwa. Nikaanza kushusha kamba. Msimamizi akasimama mbele ya kreni, akainua ngumi, ishara ya kusimama.

"Shemeji, usiniharibie. Mwache aive kidogo."

Nilimpigia honi. Hakuondoka mpaka maji yalipofika kifuani mwa yule kijana.

Kijana alijifunga kamba mwenyewe, kwapani. Nikavuta. Tope lilikuwa limemshika kama saruji. Alipiga ukelele, "Mama, unanikata! Legeza!" Nikalegeza. Nikavuta tena polepole, akaniomba tena. Mara ya tatu hakuniomba. Maji yalikuwa yameshafika mdomoni.

Zimamoto walimtoa maji yalipokupwa. Msimamizi akatuuliza, "Nani alimruhusu apite pale?"

Jana dada yangu alikuja chumbani kwangu na wanawe. Akasema, "Wewe sema tu alikwenda mwenyewe. Hata ukisema vingine, hafufuki." Leo amenisindikiza mpaka kituoni, yuko kwenye benchi pale mlangoni.

Hakwenda mwenyewe. Alitumwa, akachekwa, na nilipotaka kumtoa nikazuiwa.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na haya ndiyo maelezo yangu yote.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya, akathibitisha ni sahihi, hakutaka kubadili neno. Aliuliza kama kituo kina mlango wa nyuma. Nilimjibu hakuna.