Mafuta ya Zeituni Ndani ya Kibuyu

Mjukuu wangu Bhoke,

Kabla sijakusalimu, ujue kwamba tangu Tarime iwe Tarime hajatokea wa kunishinda kupanga stoo ya chakula cha Kiitaliano, na huko Italia kwenyewe sina hakika kama yupo. Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, na yule ng'ombe wa mabaka amezaa.

Umeuliza uweke nini kwenye stoo yako huko Arusha. Weka tambi, unga wa ngano, vitunguu saumu vya kuning'iniza, nyanya zilizokaushwa juani na mafuta ya zeituni. Ndivyo nilivyompangia padri wetu Mwitaliano, miaka ile ya ujamaa. Nyanya nilizianika juu ya bati, na stoo nzima ikanukia jua.

Mafuta yalikuwa debe moja, la mwisho kutumwa na mama yake kabla hajafa. Debe likaanza kushika kutu. Mimi fundi nikayahamishia kwenye kibuyu cha maziwa, kilichofukizwa moshi sawasawa, kama afanyavyo Mkurya yeyote mwenye akili.

Padri alichovya mkate, akaonja, akafumba macho.

"Kijana wangu," akasema, "nimeisahau ladha ya kwetu."

"Uzee huo, Padri," nikamtania.

Akacheka kidogo. Kibuyu kile alikimaliza polepole, kila siku akiitafuta ile ladha. Bhoke, hakuwa amesahau chochote. Ulikuwa moshi wa kibuyu changu, na sikumwambia.

Babu yako