Fundi Miwani na Mstari wa Njano

Jumatatu, 3 Machi
Nimepigwa faini! Mimi! Miaka kumi na tisa nyuma ya usukani na sijawahi hata kukwaruza taa. Niliegesha nyuma ya duka la vitambaa, dakika kumi tu, nimpelekee bibi wa ghorofani miwani yake mpya. (Alipoivaa tu akanikodolea macho: kumbe una mvi! Asante, bibi.) Nashuka – karatasi imebanwa chini ya waipa. Eti nimeegesha juu ya mstari wa njano. Mstari gani? Nikainama. Lami na vumbi, basi.

Askari wa maegesho, mama mmoja mpole, alikuwa bado hajafika mbali. Nikamuuliza. Akaonyesha kwa kidole: si huo hapo. Akasema nisimame upande wake, jua likae nyuma, nitauona. Nikasimama. Sikuuona. Na nadhani naye hakuuona.

Jumanne, 4 Machi
Kosa langu kumwambia wifi. Yeye ndiye anayepokea wateja dukani kwangu, na mdomo wake hauna breki. Kufikia saa nne kila mtu anajua: fundi miwani hakuona mstari! Mteja mmoja alicheka hadi nikashindwa kumpima macho. Nami nikacheka, nifanyeje?

Mchana akapiga simu mwalimu mkuu, yule aliyeniahidi kazi ya kuwapima macho wanafunzi wake wote. Anatania, lakini si utani sana – wazazi wakisikia watasemaje? Kicheko kikanikauka.

Mume wangu anasema lipa yaishe. Nikilipa si nimekubali kwamba sioni? Silipi ng'o! Nimeandika barua ya kupinga, kurasa mbili. Wifi kaipunguza ikawa moja. Kaondoa matusi.

Alhamisi, 6 Machi
Siku tamu hii! Asubuhi mimi na wifi tumerudi mtaani na ufagio, ndoo na futi ya kupimia. Nikafagia barabara kama nimeajiriwa. Watu madirishani. Bibi wa ghorofani anaelekeza kutoka juu: kushoto, mwanangu, hapo naona njano! Ganda la ndizi.

Mshona viatu wa kona akaja kutazama. Tunahangaika bure, akasema, aliyechora mistari yote ya mtaa huu anaishi nyumba ya tatu, kastaafu. Wanamwita Mzee wa Rangi. Akaitwa, akaja na ndala zake. Akatembea pembeni mwa barabara akihesabu hatua, akasimama, akachuchumaa, akakwangua kwa ukucha. Vipunje vitatu vya njano! Mstari wake uliishia hapo, akasema, hakuuvusha hata kidole. Na mimi niliegesha hatua nne mbele yake!

Nilitaka kumkumbatia. Wifi akamkumbatia kweli.

Atakuja kunitolea ushahidi. Kauliza, avae koti? Vaa, mzee wangu, vaa!

Jumatano, 12 Machi
Nimesikilizwa leo. Chumba kidogo, feni inalia kama mbuzi. Afisa wa rufaa ni bwana wa makaratasi, kila kitu anakipigia mstari kwa rula. Askari wa maegesho hakudanganya: yeye alipewa ramani, na kwenye ramani mstari unafika hadi kona.

Mzee wa Rangi akasimama na koti lake. Afisa akamuuliza, utakumbukaje mstari wa miaka yote hiyo? Naye akamuuliza, kwani wewe mwandiko wako huukumbuki? Wifi akapiga makofi, akaonywa atatolewa nje.

Afisa kakunja ramani. Kesho saa nne atakuja mwenyewe aone kwa macho yake. Nimerudi nyumbani naimba. Na yule aliyesema nilipe yaishe kaomba ruhusa kazini, eti asikose!

Alhamisi, 13 Machi
Naandikia hapa hapa mtaani, nimekaa kwenye ngazi za nyuma za duka la vitambaa. Saa nne kasoro kidogo. Wote wapo. Mume wangu kavaa shati la harusi, jamani. Mwalimu mkuu naye kapita, eti kwa bahati tu. Askari wa maegesho yuko zamu, kitabu chake cha faini mkononi. Tumesalimiana kama ndugu.

Gari jeupe linakuja. Ndiye! Anatafuta pa kuegesha. Mbele kumejaa. Anarudi nyuma taratibu... Wifi kanibana mkono. Hapana. Hapo? Hapo hapo! Palepale nilipoegesha mimi! Kazima injini. Kashuka, kafunga mlango, kajaribu kitasa mara mbili. Anatusalimia vizuri. Anauliza, haya jamani, huo mstari uko wapi?

Mzee wa Rangi anatazama viatu vyake, mabega yanamtikisika. Bibi wa ghorofani kajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Askari wa maegesho kaniangalia. Kaliangalia gari. Anafungua kitabu, ukurasa mpya –