Gari Lililonikana Siku ya Ndoa ya Rahma

Ijumaa. Jua la kupasua nazi, upepo hakuna.

Leo Unguja nzima, toka mjini mpaka Matemwe, ilisimama kunisubiri mimi. Sitii chumvi. Rahma, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa anaolewa huko Matemwe baada ya sala ya alasiri, na walii wake ni mimi. Bila ya walii hakuna ndoa. Bwana harusi hata awe nani, angekaa tu pale mkekani na kofia yake akaningoja.

Saa saba na nusu nshavaa kanzu, joho na kilemba, nshajifukiza udi, nimo garini uwanjani Malindi, hapa mjini, gari linapolala. Mke wangu, Bi Zuhura, yuko nyumbani anangoja nimpitie. Nkazungusha ufunguo.

Kimya.

Kijitaa chekundu chenye sura ya ufunguo kinanikonyeza. Nkazungusha tena. Kinakonyeza. Mimi niliwahi kuwasha lori kwa kijiko cha chai, watu wa Mwera ni mashahidi. Hili likanikana kama halijapata kuniona.

Watu wa baraza ya pale uwanjani wakaanza.

"Ami, lifukize udi na hilo!"

"Betri hiyo."

"Betri gani, na taa zote zinawaka? Husuda!"

Neno la husuda nikalipokea kwa mikono miwili. Mwenye gari kama langu hakosi macho.

Akaja Haji, fundi umeme wa magari kutoka Mwanakwerekwe. Akachomeka kidude chake cha kupimia, akasoma, akatikisa kichwa.

"Ami, gari zima. Ila haliutambui ufunguo. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu, ndogo kama kokwa ya ndimu. Bila hiyo haliwaki hata ulisukume mpaka Bububu. Ufunguo huu umepata kubadilishwa ganda?"

Baraza zima linasikiliza.

Nikasema hapana.

Basi nkakaa mle garini. Mlango uko wazi, hakuna aliyenifunga, na kutoka siwezi. Joho zito kama godoro. Jasho limefika soksini. Haji anafungua nyaya moja moja, akitafuta kosa ambalo halipo.

Rahma akapiga simu.

"Ami, umefika wapi?"

"Naingia Kinyasini, mwanangu."

"Mbona nasikia vikombe vya muuza kahawa wa Malindi?"

"Kinyasini nako kuna kahawa siku hizi."

Akasema kwa sauti ndogo: "Ami, Baba hayupo. Nina wewe tu." Akakata.

Haji akanishauri kwa upole nimpe shekhe wa Matemwe uwakala kwa simu, aozeshe yeye. Mwana wa kaka yangu aozeshwe kwa simu, na mimi mzima, nimevaa joho? Nilimwahidi kaka yangu kitandani kwake kwamba nitamuozesha kwa mdomo wangu.

Nikampigia Bi Zuhura, nikamnong'oneza: kwenye droo ya kofia mna ganda kuukuu la ufunguo, lilete, lifiche ndani ya mtandio.

Akalileta kalinyanyua juu. "Si hili ulilolitoa jana, ukauvalisha ufunguo ganda la gari la matajiri?"

Haji akaliweka lile ganda, chipu ingali imo ndani yake, karibu na tundu la ufunguo. Nikazungusha. Likawaka mara moja. Muuza kahawa alicheka mpaka akakaa chini.

Tulifika Matemwe watu wameshasali, wamejipanga mkekani. Nikaozesha. Sauti ilinitetemeka, nikasingizia vumbi. Wakwe niliwaambia nilizuiwa njiani na mkubwa mmoja wa serikali aliyetaka ushauri wangu. Rahma alipokuja kunibusu mkono aliniuliza polepole: "Kahawa ya Kinyasini ilikuwa tamu, Ami?"

Sasa nauangalia huu ufunguo. Ganda jipya nililinunua Darajani, lina nembo ya gari nisilokuwa nalo, ili nikiuweka barazani watu waione. Muuzaji aliniambia nihamishe na kile kidude cha ndani. Nikamjibu kwamba magari nayajua kuliko yeye.

Hayo ya ganda Malindi yote wanayajua. Wasilolijua ni hili: kijitaa kilipokonyeza mara ya kwanza tu, nilimkumbuka yule muuzaji.

Nilikaa saa mbili nzima nikijua.